Daktari anapofikishwa mahakamani: ni lini kosa la tiba huwa jinai?



Kati ya maswali yanayotufikia sisi mapadre baada ya mazishi, moja hurudi mara kwa mara: je, ni halali kwa Mkristo kumpeleka daktari polisi? Huuliza mume aliyempeleka mke wake kujifungua, akarudi nyumbani na mtoto peke yake. Huuliza wazazi ambao mtoto wao alichomwa sindano jioni na asubuhi hakuamka. Huuliza kwa aibu kidogo, kana kwamba kudai haki ni kupungukiwa imani, maana majirani wamekwisha kuwaambia kuwa hayo ni mapenzi ya Mungu. Lipo pia swali la upande wa pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi na daktari, muuguzi au mkunga ambaye mgonjwa amefia mikononi mwake: je, mimi ni muuaji?

Tumeona ni vema kuyajibu maswali haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa anayejibu moja bila jingine ataishia ama kuwalinda waganga dhidi ya wagonjwa, ama kuwatupa waganga kwa hasira ya watu.

Milango mitatu ya sheria

Mgonjwa anapoumia au kufa kwa kosa la aliyemhudumia, sheria za nchi yetu zinafungua milango mitatu. Wa kwanza ni wa madai: familia huishtaki hospitali au daktari ili ilipwe fidia, na hapo hakuna anayefungwa. Wa pili ni wa nidhamu ya taaluma: malalamiko hupelekwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa upande wa wauguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, vyombo vyenye uwezo wa kuonya, kusimamisha na hata kufuta usajili. Wa tatu ni wa jinai. Hapo Jamhuri yenyewe ndiyo inayoshtaki, na mwisho wake unaweza kuwa gereza. Wengi wenye uchungu hukimbilia mlango wa tatu kwa sababu ndio pekee wanaoujua. Kituo cha polisi kiko karibu, na Baraza liko mbali.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema katika kifungu cha 195 kwamba anayesababisha kifo cha mwenzake kwa tendo lisilo halali, au kwa kuacha kutenda alilopaswa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kuacha kutenda kunakohesabiwa hapo ni kule kwa uzembe wa kulaumiwa katika wajibu wa kulinda uhai au afya. Adhabu yake, kwa kifungu cha 198, inaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 233 kinawagusa watoa tiba moja kwa moja: pamoja na waendeshao vyombo vya moto bila kujali, kinamtaja pia anayetibu, anayepasua au anayetoa dawa kwa pupa au kwa uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha ya mtu. Ndugu zetu wa Kenya wana maneno yanayofanana na hayo chini ya namba nyingine, kwa kuwa kanuni zote mbili zilitokana na utaratibu mmoja wa kikoloni wa mwaka 1930. Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, inamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na kwa ustadi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa.

Hakuna basi daktari aliye juu ya sheria. Ugumu uko katika neno “uzembe”. Sote tumewahi kusahau jambo, na ni nadra kusahau kwetu kumgharimu mtu uhai. Daktari husahau kama sisi, lakini mbele yake amelala mgonjwa. Tukisema kila kusahau kwake ni jinai, hatabaki mtu wa kufanya kazi hiyo.

Mahakama zimekwisha kulipambanua jambo hili. Katika miaka ya 1940 kulikuwa na kesi ya daktari wa Nigeria aliyeitwa Akerele. Aliwachoma watoto wengi sindano ya kutibu buba, na dawa aliyoichanganya ikawa kali kupita kiasi. Baadhi ya watoto wakafa. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Rufaa yake ilifika London, kwenye Baraza la Mfalme lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni ya Uingereza, likiwa na kauli pia juu ya rufaa za Afrika Mashariki. Hukumu iliyochapishwa mwaka 1943 ilimfutia hatia. Majaji walisema kwamba uzito wa uzembe hupimwa kwa madhara yaliyotazamiwa wakati wa kutenda, na si kwa idadi ya waliokufa baadaye. Yaani kosa moja la kuchanganya dawa halikugeuka kuwa jinai kwa sababu tu lilirudiwa kwenye mikono ya watoto wengi. Ni neno gumu kwa mzazi aliyefiwa. Hata hivyo tunaamini ni la haki, kwa sababu ukubwa wa msiba na ukubwa wa hatia ni vipimo viwili tofauti.

Mahakama hizohizo hazikuwafungulia waganga mlango wa kufanya wapendavyo. Mwaka 1987, katika hospitali moja ya Croydon, kusini mwa London, mgonjwa wa jicho alikuwa amelazwa usingizi kwenye meza ya upasuaji. Mrija uliompelekea hewa ulichomoka. Daktari wa usingizi, Adomako, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia jambo hilo, hakuutazama mrija kwa dakika kadhaa, hata moyo wa mgonjwa ukasimama. Wataalamu walieleza mahakamani kwamba daktari mwenye uwezo wa kawaida angeligundua tatizo ndani ya sekunde chache. Mwaka 1994 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilithibitisha hatia yake. Kipimo kilichotolewa hapo ndicho ambacho nchi nyingi zinazofuata sheria za Kiingereza hukitazama mpaka leo: kuwe na wajibu kwa mgonjwa, wajibu huo uvunjwe, uvunjaji huo usababishe kifo, na uwe mbaya mno hata ustahili kuitwa jinai.

Shoka na mpini

Kanisa halikungoja mahakama za London ili kulifahamu hilo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, Maandiko yanaeleza habari za watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini na kumpiga mwenzake, naye anakufa. Mtu huyo haitwi muuaji. Anatengewa mji wa makimbilio, ili mlipiza kisasi wa damu asimfikie moyo wake ukiwa bado unawaka. Tuangalie vema: Mungu hakukana kwamba moyo wa mlipiza kisasi unawaka. Aliutambua uchungu huo, akaweka mbele yake utaratibu.

Mtakatifu Toma wa Akwino, anapojadili kuua kwa bahati mbaya katika Summa ya Taalimungu (Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 64, makala ya 8), anafundisha kwamba anayefanya jambo halali kwa uangalifu unaostahili hana hatia ya damu kifo kikitokea. Lakini asiyeweka uangalifu huo hakwepi hatia, hata kama hakukusudia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inashika njia hiyohiyo.

Iko habari nyingine ambayo wachache wanaijua. Mwanzoni mwa karne ya 13 askofu mmoja alimwandikia Papa Inosenti III juu ya mmonaki, naye padre, aliyempasua mwanamke mwenye uvimbe kooni. Mmonaki alimwonya mgonjwa asijianike kwenye upepo. Mwanamke akatoka wakati wa mavuno, damu ikamtoka kwa wingi, akafa. Je, mmonaki huyo aendelee kuadhimisha Misa? Papa hakujibu kwa neno moja. Alisema kwamba mmonaki alikosa sana kujitwalia kazi isiyo yake. Kisha akaelekeza yachunguzwe mambo haya: je, alitenda kwa huruma au kwa tamaa ya fedha? Alikuwa na ujuzi wa kupasua? Alitumia uangalifu wote uliompasa? Kama ndivyo, asihukumiwe kwa jambo lililotokana na mgonjwa kukaidi maelekezo. Jibu hilo liliingizwa katika sheria za Kanisa. Miaka michache baadaye, Mtaguso wa Nne wa Laterani wa mwaka 1215 ukawakataza mashemasi na mapadre upasuaji wa kukata na kuchoma.

Maswali ya Papa yangefaa kubandikwa hata leo katika ofisi za waendesha mashtaka, hasa lile la tamaa ya fedha. Anayefungua chumba cha upasuaji bila ujuzi ili apate pesa, anayeacha zamu ya hospitali ya umma huku mgonjwa akivuja damu ili akahudumie zahanati yake binafsi, anayekataa kumgusa mama mwenye uchungu wa uzazi mpaka apewe “chochote”: hao hawafanani na mtu aliyechomokwa na shoka. Mkristo akiwashtaki watu wa namna hiyo hatendi dhambi. Anawakinga wagonjwa watakaokuja baada ya marehemu wake.

Nani alionywa?

Kesi nyingi, hata hivyo, hukaa katikati, na hapo ndipo haki hupotea kwa urahisi. Tutaje moja kwa kirefu, kwa kuwa imechunguzwa hadharani kuliko nyingine nyingi. Tarehe 18 Februari 2011, mtoto wa miaka sita alifikishwa katika hospitali ya Leicester, Uingereza, akihara, akitapika na kuhema kwa shida. Alikuwa na ulemavu wa kuzaliwa na tatizo la moyo. Alipokelewa na Dkt. Hadiza Bawa-Garba, daktari wa watoto aliyekuwa bado katika mafunzo ya ubingwa, na aliyekuwa amerudi kazini si muda mrefu baada ya likizo ya uzazi. Siku hiyo alibeba pia kazi za wenzake wasiokuwapo. Daktari bingwa aliyepaswa kumsimamia alikuwa mji mwingine akifundisha, akafika alasiri. Mtambo wa kompyuta ulikuwa umeharibika, hata majibu ya damu yaliyoombwa asubuhi yakachelewa mpaka alasiri. Mtoto alikuwa na maambukizi makali yaliyokuwa yamesambaa katika damu. Daktari alidhani ni maradhi ya tumbo, na dawa ya kuua vijidudu ikachelewa. Jioni mtoto alipozimia, daktari huyo alimfananisha na mgonjwa mwingine ambaye ilikuwa imeamuliwa asihuishwe, akaamuru wenzake waache. Kosa likagunduliwa upesi, wakaendelea, lakini usiku huo mtoto akafa. Wataalamu walisema kukatishwa huko hakukuwa sababu ya kifo.

Mwaka 2015 jopo la raia lilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe mkubwa, na akapewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Muuguzi mmoja alitiwa hatiani pia, mwingine akaachiwa. Jina la daktari lilifutwa katika orodha ya madaktari Januari 2018, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikalirudisha, ingawa hatia ya jinai haikufutwa. Kati ya maamuzi hayo mawili maelfu ya madaktari walipaza sauti. Wengi walisema wameanza kuogopa kuandika kwa uaminifu makosa yao kwa ajili ya kujifunza, wasije wakasomewa maandishi hayo mahakamani. Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Norman Williams kupitia upya suala la uzembe mkubwa katika tiba.

Tusiwasahau wazazi. Mtoto wao alikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa, na makosa yaliyotajwa mahakamani yalikuwa ya kweli. Dalili nzito zilikuwapo mchana na hazikupewa uzito wake. Hata hivyo kuna jambo linalotusumbua. Uchunguzi wa hospitali yenyewe ulikuta kasoro nyingi za utaratibu, lakini waliosimama kizimbani ni wale tu waliokuwa zamu. Hakuna kiongozi wa hospitali aliyeshtakiwa.

Nchini India kesi inayofanana na hiyo ilipata jibu tofauti. Mwaka 1995, katika hospitali moja ya Ludhiana, Punjab, mgonjwa wa saratani alianza kukosa pumzi usiku. Mtungi wa oksijeni ulioletwa ulikuwa mtupu. Ukatafutwa mwingine, dakika zikapita kabla ya kufanya kazi, mgonjwa akafa. Madaktari wakashtakiwa kwa jinai. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya India, katika kesi ya Jacob Mathew, iliondoa mashtaka hayo ikisema kwamba kukosekana kwa mtungi wenye gesi kunaweza kuifanya hospitali idaiwe fidia, lakini hakumfanyi daktari kuwa mhalifu. Iliagiza pia kwamba kabla daktari hajashtakiwa, mpelelezi apate maoni ya mtaalamu huru, tena ikiwezekana anayetoka utumishi wa serikali, na kwamba daktari asikamatwe ovyo kwa sababu tu ametuhumiwa. Agizo hilo tunalipenda, na tungependa kuona wapelelezi wetu wakilizoea.

Lakini je, aliyeuacha mtungi mtupu? Hapa tunarudi kwenye Maandiko, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Ila ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na tabia ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, basi hatia ni ya mwenye ng'ombe. Sheria hiyo ya wafugaji, kongwe kuliko mahakama zote tulizozitaja, inauliza swali ambalo mashtaka ya madaktari husahau kuuliza: nani alijua, nani alionywa, na alifanya nini baada ya kuonywa? Muuguzi aliyeandika barua tatu kuomba mashine ya oksijeni, kisha mgonjwa akafa kwa kukosa oksijeni zamu yake, ndiye anayekamatwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Aliyezipokea barua hizo na kuzifungia kwenye droo anakuja msibani na rambirambi.

Mwaka 2007 jijini Dar es Salaam wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 jijini Nairobi mgonjwa alifunguliwa kichwa kwa kuwa utambulisho wake ulichanganywa na wa mwingine. Mkono wa daktari ulishika kisu, ni kweli. Lakini kabla ya kisu walikuwapo waliobandika jina, waliosukuma kitanda, waliopokea mlangoni, na juu yao wote mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba jina linaulizwa zaidi ya mara moja. Uchunguzi unaoanzia na kuishia kwenye kisu haujafanya kazi yake.

Neno hili linatugusa sisi wenyewe. Kanisa ni mmiliki wa zahanati za parokia, vituo vya afya na hospitali, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Kwa maneno ya kitabu cha Kutoka, sisi ndio wenye ng'ombe. Ripoti ya mganga mfawidhi inayosema kwamba jenereta haliwaki au kwamba zamu ya usiku ina muuguzi mmoja kwa wodi mbili, ikishasomwa katika ofisi ya jimbo au ya shirika, ni onyo lililopokelewa. Hatuwezi kumwacha muuguzi huyo ajibu peke yake.

Tena, familia nyingi hazifiki polisi kwa ajili ya kosa. Zinafika kwa ajili ya ukimya. Daktari hupita dirishani asionekane, faili halipatikani, kila anayeulizwa anamtaja asiyekuwapo. Kukosea katika tiba kunaweza kuwa shoka lililochomoka. Kuchana ukurasa wa faili ni tendo la makusudi, linavunja Amri ya Nane, na linawanyima wafiwa kitu cha mwisho wanachoweza kupewa. Kwa ndugu zetu watumishi wa afya tunasema: ketini na familia siku hiyohiyo, waambieni lililotokea kwa maneno wanayoyaelewa, na mkitambua kosa, lisemeni. Katika kitubio padre hatamwagiza daktari ajipeleke polisi, na siri ya maungamo haiguswi na mahakama yoyote. Lakini atamkumbusha wajibu wa kurekebisha madhara, na urekebishaji wa kwanza ni ukweli.

Nanyi mliofiwa, msione haya kuuliza. Ombeni maelezo kwa maandishi kutoka kwa mganga mfawidhi. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwenye Baraza husika, ambako wanaosikiliza wanajua kutofautisha ugonjwa uliowashinda wote na kazi iliyofanywa vibaya. Mkiona dalili za kutojali kabisa, za tamaa au za kuficha, nendeni polisi bila hofu ya dhambi. Fanyeni hivyo kabla ya kuzika, kwa sababu mashtaka mengi hufa kwa kukosa jambo moja: hakuna anayeweza kueleza kwa hakika marehemu alikufa kwa nini, na mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kisio. Wapo waamini wanaodhani Kanisa linakataza maiti kupasuliwa. Halikatazi, Katekisimu, namba 2301, inaruhusu uchunguzi wa maiti kwa ajili ya sheria au sayansi. Paroko akiombwa kusogeza mazishi siku mbili au tatu ili uchunguzi huo ufanyike, akubali, na awaeleze wazee wa ukoo sababu yake.